Kutafuta mijusi na vyura Pemba: nenda taratibu

Wanaoniuliza waanzie wapi kutafuta mijusi, vinyonga na vyura visiwani, huwa nawaambia: Pemba. Bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, na zama za barafu, maji yalipopungua, Unguja ilikuwa imeungana na bara. Lakini Mkondo wa Pemba, yaani bahari kati ya Pemba na bara, una kina cha mamia ya mita. Viumbe wa Pemba wametengana na wenzao muda mrefu mno, ndiyo maana mjusi wa kijani aitwaye Phelsuma parkeri hapatikani kwingine kokote duniani.

Na wala hahitaji msitu mkubwa. Mtafute mchana, jua likishapanda, kwenye minazi na migomba ya karibu na nyumba. Akikuona huzungukia upande wa pili wa shina, basi simama mbali kidogo, mwenzako apite nyuma polepole, naye atarudi upande wako. Waulize pia wakwezi na wachumaji karafuu. Hao hushinda juu ya miti, na mimi nawaamini kuliko ramani yoyote.

Kabla ya kutoka usiku, jitambulishe kwa sheha, kiongozi wa eneo hilo. Mgeni anayezunguka mashambani na tochi huwatia watu hofu, na wana haki. Kuingia msitu wa Ngezi panga mapema na wahifadhi.

Tochi ishike usawa wa jicho, kando ya kipaji, usiishushe kiunoni. Hapo ndipo utaona macho ya vyura yaking'aa majanini. Kinyonga aliyelala hupauka hadi akakaribia weupe, kajikunja mkia kwenye ncha ya tawi. Mchana ungempita, usiku utamwona ukiwa bado mbali. Wakati mzuri ni masika au vuli, mvua ikishakatika, kandokando ya mabonde ya mpunga. Simama pahala pamoja, zima taa, sikiliza. Wengi hukata njia mbio wakitaka kuona pengi, wakarudi hawakuona kitu.

Misituni Unguja, chungulia vifuu vya nazi vilivyojaa maji ya mvua. Kuna chura mdogo sana, Mertensophryne micranotis, wa sentimita 2 hivi, anayetaga humo, au kwenye matundu ya miti na hata makombe ya konokono. Usimwage maji hayo: ndiyo ziwa zima la viluwiluwi wake. Gogo ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa.

Mikono yenye dawa ya mbu isiguse chura, maana ngozi yake hunyonya kila kitu. Buti zioshe na uzikaushe kabla ya kuhamia dimbwi jingine, kwa sababu ipo kuvu inayoua vyura duniani na husafiri na matope. Na nyoka wa kijani, hata akionekana mpole, mtazame kwa mbali tu. Wenye sumu kali na wasio nayo hufanana sana.