Kukagua basi kabla ya safari: jibu kwa dereva mpya aliyeuliza aanzie wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, umepewa basi kubwa la masafa marefu na hujui ukaguzi wa asubuhi unaanzia wapi. La pili, ufanye nini ukikuta hitilafu halafu msimamizi anakwambia "ondoka tu, abiria wameshakaa". Wakuu waliotangulia wamekutajia oili, maji, taa na tairi. Hawajakosea, ila hayo hata mwenye gari dogo anayajua. Mimi nimekaa kwenye usukani wa mabasi ya abiria miaka mingi, mengi yakiwa ya breki za upepo (zinazofanya kazi kwa upepo ulioshindiliwa kwenye matanki), kwa hiyo nitakujibu kwa upande huo.

Jua kwanza kwamba likitokea la kutokea, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Breki kafunga fundi, tairi kakataa kununua tajiri, lakini aliyekuwa anaendesha ni nani? Sheria za nchi nyingi zinamfikia na mwenye gari, hilo ni kweli, ila "sikujua" ya dereva haijawahi kumsaidia mtu. Na karatasi ya ukaguzi uliyoweka sahihi ndiyo itakayosomwa mbele yako, kipengele kwa kipengele. Kwa hiyo mimi sitii tiki kitu ambacho sijakiona kwa macho au kukishika kwa mkono. Kuna wenzetu wanajaza karatasi ya wiki nzima siku ya Jumatatu. Hiyo karatasi afadhali isingekuwepo.

Kabla ya kuligusa basi, jikague wewe. Leseni iwe hai na daraja lake liruhusu kubeba abiria wa idadi hiyo, cheti cha afya kama nchi yenu inakitaka, halafu usingizi. Usingizi watu wanauchukulia poa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya vibaya kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Yaani ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, ukazunguka na shughuli zako mchana kutwa, ukashika usukani saa tano usiku, umeshafika hapo bila kuonja tone. Pombe ya jana nayo usiidharau, kwa sababu mwili unaiondoa polepole na hakuna kahawa wala maji baridi yanayoharakisha. Dawa za mafua na mzio, soma karatasi yake, nyingi zinalaza.

Saa za kuendesha zihesabu kabla hujaondoka. Usisubiri uanze kuzihesabu ukiwa umeshachoka. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinataka mapumziko ya dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na saa 9 kwa siku, zinazoweza kufika 10 mara mbili tu kwa wiki. Nchi yenu inaweza kuwa na namba nyingine. Ila chukua ratiba uliyopewa na uipigie hesabu: kama haiwezekani kufika bila kuvunja sheria au kukimbiza gari, hiyo ni hitilafu ya safari kama ilivyo hitilafu ya breki, na isemwe asubuhi hiyo hiyo.

Nyaraka hazichukui muda. Bima, cheti cha ukaguzi wa gari, kibali cha njia, orodha ya abiria pale inapotakiwa. Angalia namba ya gari kwenye karatasi ilingane na iliyobandikwa kwenye bampa, maana kampuni ikiwa na mabasi mengi karatasi huchanganyika. Na tarehe za kuisha usizipime na siku ya kuondoka, zipime na siku ya kurudi. Bima inayoisha usiku ukiwa bado upande wa pili ni kesi ya bure.

Haya, tuje kwenye basi lenyewe. Usiwashe injini kwanza. Likiwa limelala usiku kucha ndipo linasema kweli: oili unaipima ikiwa imeshashuka, rejeta unaifungua ikiwa baridi, na chini ya gari unaona lilichovuja. Doa jeusi chini ya injini, doa la kijani au jekundu chini ya rejeta, doa la mafuta upande wa ndani wa gurudumu. Hilo la gurudumu liogope kuliko yote. Likiwa ni sili ya habu (kitovu cha gurudumu) imeachia, grisi au oili inaweza kufika kwenye viatu vya breki, na gurudumu lile halitashika.

Baada ya hapo washa, acha upepo wa breki ujae kwenye matanki, na wakati unajaa wewe unazunguka. Geji zikifika juu utasikia kompresa, ile pampu ya upepo, inapumua "pssh" na mishale inasimama. Geji ziko mbili kwa sababu mifumo ni miwili, ili mmoja ukifa mwingine ubaki. Dereva anayetazama mmoja tu anajidanganya.

Jaribio la upepo ndilo wengi wanaliruka, ngoja nilieleze taratibu. Hakikisha basi liko sehemu tambarare na umeweka vizuizi kwenye magurudumu. Zima injini, rudisha swichi bila kuwasha, achia handbreki. Kanyaga pedeli ya breki mpaka mwisho, ishikilie dakika nzima huku unatazama geji. Kwenye mtihani wa madereva wa magari makubwa Marekani, gari lisilo na tela halitakiwi kupoteza zaidi ya psi 3 kwa dakika hiyo, kama bar 0.2 hivi (psi na bar ni vipimo vya msukumo wa upepo). Zima redio, fungua dirisha, sikiliza. Upepo unaovuja una sauti nyembamba ya "sss" isiyokatika, na mara nyingi hutaisikia ukiwa kwenye kiti. Mtume utingo apite kila gurudumu huku wewe umekanyaga. Mimi niliwahi kuletewa basi limetoka gereji asubuhi ile ile, karatasi imejaa tiki kote, utingo akainama gurudumu la nyuma kushoto akaniita: mpira wa upepo ulikuwa unasuguana na springi, umeshaliwa mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Breki ilikuwa bado inashika. Ingeshika mpaka siku ya mteremko.

Ukimaliza hapo, kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, upepo ushuke. Taa au kengele ya onyo lazima iamke kabla haujashuka chini ya psi 60 hivi, karibu bar 4. Endelea kukanyaga. Kati ya psi 45 na 20 handbreki inatakiwa ijifunge yenyewe. Inajifunga kwa sababu ile breki inakazwa na springi nzito na upepo ndio unaoifungua. Upepo ukiisha springi inashinda. Namba za gari lako zimo kwenye kitabu chake, fuata hizo. Lakini kengele ikikaa kimya, basi haliondoki, hakuna mjadala.

Matanki ya upepo yamwage maji kama yana vali ya kuvuta. Yakitoka maji mengi kwenye gari lenye kikausha upepo, kikausha hicho kimechoka. Yakitoka na oili, kompresa inaomba fundi.

Tairi. Kulipiga teke au nyundo hakukuambii kitu zaidi ya kwamba halijalala kabisa. Tumia geji, na pima asubuhi likiwa baridi. Likishatembea upepo wa ndani unapanda kwa joto, na anayeupunguza hapo anajitengenezea tairi laini la kesho. Zile za nyuma zilizo mbili mbili, la ndani ndilo linalosahaulika kwa sababu halionekani. Likiwa limepungua upepo, la nje linabeba uzito wa yote mawili, yanachemka, na si mara chache moto wa mabasi njiani unaanzia kwenye magurudumu. Pitisha tochi katikati yake, toa na jiwe kama limejibana.

Usiridhike na unene wa mpira tu, soma na umri. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu 4: wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Uingereza mwaka 2012 basi lililobeba vijana waliotoka tamasha la muziki liliacha barabara huko Surrey baada ya tairi la mbele kupasuka. Walikufa watu 3, na tairi lilikutwa na umri wa miaka 19. Kuanzia tarehe 1 Februari 2021 wakapiga marufuku tairi lililozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya mabasi na malori. Marekani nao hawaruhusu basi kuwa na tairi la mbele lililobandikwa mpira mpya. Hata kama kwenu sheria haijafika huko, mimi la mbele nalikagua kana kwamba imefika. La nyuma likipasuka bado una jirani yake wa kukushikilia. La mbele likipasuka usukani unakwenda linakotaka.

Nati zitazame, usizihesabu tu. Mstari wa kutu unaoshuka kutoka kwenye nati, au rangi iliyopasuka kuizunguka, maana yake nati inacheza. Gurudumu likishafunguliwa kwa sababu yoyote, nati zikazwe tena baada ya kilomita 40 hadi 80. Muulize fundi moja kwa moja: "Jana mlifungua gurudumu lolote?" Wengi hawasemi mpaka waulizwe.

Taa, indiketa, waipa, honi, vioo: zunguka mara moja. Kama huna mtu wa kukuangalizia taa za breki, rudi nyuma karibu na ukuta ukanyage, mwanga utauona ukutani.

Ndani ya basi watu wanaangalia siti na skrini. Mimi naenda kwenye milango ya dharura kwanza na naifungua kweli, kwa ndani na kwa nje. Niliwahi kukuta mlango wa dharura umefungwa kwa waya upande wa ndani, waya umesokotwa vizuri kabisa kwa koleo. Kuuliza, naambiwa ulikuwa unagonga njiani na abiria wa nyuma wanalalamika kelele. Basi limejaa watu, na kilichowatenga na kutoka ni waya wa kufungia uzio! Niliukata palepale. Angalia pia nyundo za kuvunjia vioo, maana zinaibwa, na ile iliyobaki mara nyingine imefichwa na pazia. Mtungi wa kuzimia moto mshale uwe kwenye kijani na pini iwepo. Mikanda ivute kwa nguvu mara moja, ikamate. Mizigo isikae kwenye njia ya katikati, hata begi moja la "nashuka karibu tu, dereva". Kwenye buti weka vizito chini na ugawe pande mbili, usirundike nyuma.

Kimo cha basi lako kiandike mahali unapokiona ukiwa umekaa, usije ukagonga daraja la chini. Hasa kama siku hiyo umepewa gari ambalo si lako la kila siku.

Sasa swali lako la pili. Usibishane na msimamizi mbele ya abiria, na usiite kila kitu hitilafu, ukifanya hivyo hakuna atakayekusikiliza siku ya jambo zito. Siti iliyochanika naandika na naondoka. Breki, usukani, tairi la mbele, nati, mlango wa dharura, taa kama tutaingia usiku, waipa kama mvua ipo: siondoki. Naandika hitilafu, saa niliyoiona, napiga picha, nakala moja inabaki kwangu. Akisema ondoka, namwambia kwa heshima, "Sawa bosi, niandikie hapa chini kwamba umeiona na umeniruhusu, uweke sahihi." Sijamwona aliyekubali kuandika. Mara nyingi fundi anaitwa papo hapo, au linatafutwa basi lingine. Kuna mahali niliacha kazi kwa sababu ya hilo, siwezi kukudanganya kwamba halina gharama. Lakini kampuni inayojielewa inazitaka hizo karatasi; Uingereza wanatakiwa kuzitunza miezi 15, na mkaguzi akikuta mabasi yote yameandikwa "hakuna hitilafu" mwaka mzima ataanza kuuliza maswali.

Likishaanza kutembea, kabla hujatoka yadi, kanyaga breki kwa mwendo wa taratibu uone kama linavuta upande. Kila mnaposimama zunguka tena, sogeza mgongo wa mkono karibu na habu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inashika bila kuachia au beringi inakufa. Na ukimkabidhi dereva mwenza usukani njiani, mpe karatasi, mweleze kwa mdomo ulichoona, na yeye azunguke basi mwenyewe. Asikuamini wewe.

Hujasema basi lako ni la aina gani. Kama ni yale madogo yenye breki za mafuta, taja hapa, maana jaribio lake la pedeli ni tofauti na hilo nililoeleza.