Mleta uzi, kabla hujanunua gunia soma hapa kwanza

Kaka mleta uzi pole. Umesema mpo sita, wewe, shemeji, watoto watatu na mama yako mzazi, mshahara laki 6 na chakula peke yake kinakula laki 4 na nusu, unauliza upunguzeje, af wachangiaji wote hapo juu wanakujibu neno moja tu, nunua jumla nunua jumla. Sawa, ila mi nilinunua jumla nikaumia, ngoja nikusimulie.

Nakaa Mbagala, kwangu tuko saba. Mume wangu dereva wa daladala kwaiyo hela inaingia kila siku kidogo kidogo, na inatoka hivyo hivyo. Asubuhi sukari robo na majani ya chai ya mia mbili, mchana unga kilo, nyanya fungu na mafuta ya elfu, jioni mkaa wa kopo, vyote kwa Mangi mwenye duka hapo kona. Huwezi kushtuka maana hamna siku umetoa laki kwa mkupuo, unatoa elfu tu, elfu ni nini bwana.

Siku nikaamua kumchunguza Mangi kimya kimya. Nikanunua lita moja ya mafuta iliyofungwa, nikawa napikia hiyo, af huku mtoto namtuma kama kawaida kila siku mafuta ya kupima ya elfu moja, akirudi namimina kwenye chupa tupu ya maji ya lita moja naificha nyuma ya ndoo. Siku ya saba mafuta hayajafika hata shingoni, lita haijatimia. Yaani elfu 7 nimeshatoa na lita sina, wakati ile iliyofungwa nimeinunua elfu 6 duka hilo hilo! Na Mangi sio mwizi jamani, kile kikopo cha kupimia ndo mshahara wake, mwizi wangu alikuwa mimi mwenyewe.

Basi nikapata mzuka wa jumla. Mwezi wa saba mahindi mapya ya Songea yakawa yameshuka bei, nikavunja kibubu nikashusha gunia la kilo 100. Nikaliegemeza ukutani, chini sakafu ya saruji, najisifu mwenyewe kwamba mpaka mwaka mpya sinunui unga. Mwezi wa kumi nafungua nichote debe la kupeleka mashineni, mkono unazama kwenye vumbi. Fukusi wametoboa kila punje, chini ya gunia kuna unga wao wameshasaga bila hata ya umeme. Nusu nzima nikamuuzia jirani anayefuga kuku kwa bei ya kutupa. Makosa yalikuwa yangu, sikuyaanika tena nilipoyaleta, nikayaweka chini moja kwa moja, na joto la Dar unalijua lilivyo na unyevu. Sa hivi nachukua madebe mawili tu, debe linakuja kama kilo 18 mpaka 20, nayaanika siku mbili kwenye turubai, yakipoa naweka kwenye ile mifuko yenye nailoni ndani unaikaba mdomo hewa isiingie, mdudu hata kama yumo anakufa. Nasaga dona. Watoto waligoma wiki ya kwanza nikawa nachanganya nusu kwa nusu na sembe, sa hivi hawaulizi.

Af kuna kitu kingine cha jumla hamna aliyekisema, kikionekana kingi kinaliwa kingi. Nilileta sukari kilo 10 nikijua mwezi umeisha, ikamaliza siku 16. Kila anayepita jikoni anakoroga, hata uji wa saa nne ambao haukuwepo kwenye ratiba ukazaliwa. Nikaifungia kwenye sanduku chini ya kitanda, ufunguo kwenye kanga, jumamosi natoa ya wiki kwenye kopo basi. Mama mkwe akanitazama akasema, "Mwanangu, sukari nayo siku hizi ina hati ya nyumba?" Nilicheka ila ufunguo sikutoa.

Mafuta tunachukua ndoo ya lita 20 kina mama wanne, kila mtu lita 5, tunagawa kwa jagi moja mbele ya wote. Kila mtu anaweka mia tano kwa siku kwa mshika hela. Sheria ni hujatimiza hupimiwi, hata kama ni shoga yangu, maana mchezo wa kwanza ulikufa hivyo hivyo kwa kuoneana aibu.

Mboga usihangaike, mchicha na matembele nunua ya leo. Samaki wa soko la Feri kule mjini ni bei nzuri kweli, ila ukitoka Mbagala mwenyewe kwenda kununua samaki wa elfu kumi, nauli na asubuhi yako vimeshakula hiyo faida, nenda mkiwa watatu wanne mchukue tenga mgawane. Maharage loweka usiku, chemsha ya siku tatu kwa mpigo, mkaa nao ni chakula kaka, uweke kwenye hesabu.

Sasa nikuulize wewe, una daftari la deni kwa Mangi? Maana hujalitaja na mi nahisi lipo. Mtu mwenye deni haulizi bei, anachukua anachopewa, na mwisho wa mwezi mshahara unaenda kulipa chakula kilichoshaliwa, kwaiyo tarehe 5 unaanza tena kukopa. Mi nilitoka humo kwa kulipa kidogo kidogo miezi minne huku nanunua keshi, hata kama keshi yenyewe ni robo ya sukari. Hilo ndo limalize kwanza, gunia baadae.

Na shemeji aandike wiki mbili kila kinachotumwa dukani, mpaka kiberiti, bila kubadilisha chochote. Lete hapa tuangalie pamoja. Af huyo mama mzazi usije ukamfungia sukari, mpe kopo lake mwenyewe.