Mdondo haungoji barafu

Septemba moja hapa Singida nilizika kuku 35 ndani ya siku nne. Na nilikuwa nimewachanja dhidi ya mdondo! Chanjo niliinunua mjini, ile ya Lasota ya kuchanganya na maji ya kunywa, nikaifunga na barafu kwenye mfuko, nikapanda basi. Basi likaharibika njiani. Nafika nyumbani barafu imeshakuwa maji ya vuguvugu, nami nikaikoroga hivyo hivyo, tena kwa maji ya bomba yenye klorini. Chanjo ile ni virusi hai, kwa hiyo niliviua mara mbili kabla kuku hajanywa hata funda moja.

Jogoo mkubwa ndiye aliyeanza: usiku anakoroma, asubuhi kinyesi cha kijani na mabawa yameshuka. Aliyefuata shingo ilipinda mpaka akawa anatazama mgongo wake. Duka moja likaniuzia antibayotiki ya tetrasaiklini, nami nikanunua, maana mtu anayefiwa hachagui. Wewe usipoteze hela yako huko. Mdondo, au kideri, ni ugonjwa wa virusi na antibayotiki haivigusi.

Bwana mifugo aliponiuliza, "Mbona hukutumia ya tone la jicho?" sikujua anasema nini. Ni chanjo ya I-2. Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipima virusi 45 vya mdondo visivyowaletea kuku ugonjwa, wakatafuta kinachokinga vizuri, kinachosambaa chenyewe kati ya kuku na kuku, na kinachostahimili joto. Walipokipata wakakizidishia ustahimilivu. Nilichowapendea zaidi ni kwamba mbegu yake ilitolewa bure kwa maabara za nchi kama yetu, ndiyo maana leo chanjo hii inatengenezwa hapa hapa Tanzania, Kibaha. Hii ni chanjo iliyotengenezwa kwa kumfikiria mwenye kuku kumi na asiye na friji.

Ila kustahimili joto si kupenda jua. Chupa yangu naizungushia kitambaa kilicholowa na kuiweka kivulini, kamwe si juu ya dashibodi ya bodaboda.

Kuchanja kwenyewe ni kabla ya mapambazuko, kuku wakiwa bado bandani. Ukishawafungulia utakimbizana nao hadi saa sita. Mmoja anashika, mwingine anadondosha. Mlaze kuku ubavu, jicho moja litazame juu, chupa uishike wima kichwa chini, tone moja tu. Usimwachie papo hapo! Subiri apepese, tone lizame. Nimeona watu wanadondosha na kurusha kuku, tone linaishia kwenye manyoya, halafu wanailaumu Kibaha. Kifaranga na jogoo kipimo ni kilekile. Aliyeanza kuugua usimhesabu, chanjo si dawa, na hata mzima huchukua wiki mbili hivi kupata kinga.

Mimi nachanja Januari, Mei na Septemba. Sasa najua ile ya Septemba isichelewe, maana huku kwetu upepo wa kiangazi ukishaanza na watu wakishaanza kuuza kuku wanaosinzia mnadani, umeshachelewa.

Kilichobaki kunisumbua ni majirani. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka mwezi ujao, hivyo ni lazima tuchangishane. Mama mmoja jirani alinikatalia miaka miwili: "Mwanangu, kuku mzima unamtia dawa ya nini?" Sikubishana naye. Mwaka wa tatu alikuja mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, tetea wawili kwapani na vifaranga kwenye ungo uliofunikwa kanga, akaniambia nianze na wake kwa sababu anawahi shamba.