Mbolea ya ruzuku inachosha udongo? Jibu kwa mkuu wa shamba la kukodi Magu

Mkuu umeuliza mawili, kama mbolea ya ruzuku ndo inayochosha hilo shamba ulilokodi Magu, na kwa nini serikali isitoe ruzuku ya samadi badala ya kuhangaika na mifuko ya urea. Mi nalima upande wa Misungwi, mashamba yetu mengi ni luseni, ule mchanga wa kwenye miinuko, kwa iyo najibu kwa ninayoyaona huku.

Urea yenyewe haina kosa, kosa ni kuitegemea peke yake. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni basi, na DAP ni fosfeti nyingi na naitrojeni kidogo, hamna mboji humo. Unavuna mahindi, mabua wanakula ng'ombe wa jirani au unachoma, mwakani unarudia tena urea ileile, na mbolea za hivyo ukizitia miaka nenda rudi bila samadi udongo unazidi kuwa na tindikali. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5.5 fosforasi inashikwa na udongo, unaweza kumwaga DAP na bado majani yakawa ya zambarau. Na kama kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kimeanza kuota shambani, hapo shamba limechoka siku nyingi. Kwangu kuna duara palipokuwa zizi zamani, mahindi ya pale ni kijani mpaka cheusi, hatua chache pembeni njano tupu, mbegu moja, mvua moja, na urea nimeweka sawasawa kote.

Sasa kwenye sera. Ruzuku iliyozinduliwa Nane Nane ya Mbeya Agosti 2022 ilitusaidia, tusiwe wanafiki, mfuko wa DAP ulikuwa umeshavuka laki, na kule kuandikishwa kwenye daftari la wakulima kwa mtendaji kumepunguza ule ujanja wa enzi za vocha za mbolea, ambapo huku kwetu watu walisaini vocha wapewe hela ya soda na mbolea wasiione. Ila ile ni ruzuku ya mavuno ya msimu huu, udongo hauguswi. Serikali ina daftari lenye jina langu na ukubwa wa shamba langu, ina vipima udongo imegawa kwenye halmashauri, lakini nikienda kwa wakala hakuna anayeniuliza udongo wangu ukoje, napewa DAP na urea kama mtu wa Mbozi kule Songwe wakati mchanga wangu na udongo wake ni mbingu na ardhi. Wahindi tangu 2015 wanawapa wakulima kadi ya afya ya udongo inayoandika shamba lako linakosa nini. Sisi tungeunganisha tu majibu ya kipimo na ile namba ya mkulima ya kwenye daftari, shamba lenye tindikali ruzuku yake iwe na chokaa ya kilimo ndani ya kupunguza hiyo tindikali. Hilo ndo ningepigania mimi kabla ya kuongeza mifuko.

Kuna na sera zinazopigana zenyewe kwa zenyewe. Bwana shamba anakwambia usichome masalia, lakini kwenye pamba utaratibu ni ung'oe miti yote ya pamba uchome ili funza wasivuke msimu. Na wana sababu, funza akibaki mmekwisha kijiji kizima. Ila hakuna anayekwambia basi hiyo mboji iliyoungua uirudishe na nini.

Ruzuku ya samadi sasa. Usukumani samadi ipo, imejaa mazizini, gharama ni mkokoteni na mgongo wa kupakia. Tatizo lako mkuu ni kukodi. Samadi unayotia leo inafanya kazi misimu kadhaa, na mwenye shamba akiona mahindi yamestawi mwakani anapandisha bei au analima mwenyewe, nani atapakia mikokoteni yote hiyo kwa ajili ya shamba la mtu? Ndo maana mi naona hati ya kimila ya kumiliki ardhi, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mkataba wa kukodi wa miaka mitano ulioandikwa mbele ya serikali ya kijiji, ni sera ya udongo kuliko semina nyingi tu.

Nendeni Ukara muone. Kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, watu wamebanana, na tangu kwa mababu wanafunga ng'ombe nyumbani wanawakatia majani, samadi inabebwa kichwani mpaka shambani, marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, wanaipanda kwenye uwele halafu wanaifukia. Hakuna mradi uliowafundisha, kila mtu anajua kishamba chake na miti yake. Kinyume chake mkoloni miaka ya 1950 alilazimisha Wasukuma kwa sheria na faini, piga matuta ya kufunga, tia samadi, punguza ng'ombe, watu wakagoma mpaka amri zikafa, japo matuta yenyewe yalikuwa kitu kizuri kwa kuzuia maji. HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986, ulipata watu kwa sababu ulirudi kwenye ngitili, yale malisho yanayofungwa yapumzike, kitu chao.

Kwa shamba lako, kabla ya kununua chochote chukua udongo kwa kuzungukazunguka shamba zima, sehemu kama 15, kina cha sentimita 20, ruka kichuguu na palipolala ng'ombe, changanya kwenye ndoo ya plastiki, anika kivulini, nusu kilo inatosha. Ulizia kwa afisa kilimo wa kata au kituo cha utafiti wa kilimo Ukiriguru. Na kama hilo shamba linagusa ziwa, kumbuka mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004, mbolea ikioshwa pale inaenda kulisha magugu maji. Ongea na mwenye shamba muandikishane hata miaka mitatu, akikataa weka mbolea ya msimu tu, samadi peleka kwako. Majibu ya kipimo yakitoka yaweke hapa, hasa pH na fosforasi, tuyasome pamoja.