Vinaili nzito kwenye ukuta mrefu: kwa nini inabanduka

SWALI: Sebule yetu hapa Dar es Salaam ina ukuta mmoja wenye kimo cha mita 5.2 na upana wa mita 4, ambao tuliuchagua uwe pambo la chumba. Fundi aliubandika vinaili nzito, yaani karatasi ya ukutani ya plastiki, yenye mgongo wa kitambaa, lakini baada ya miezi michache maungio yalifunguka na sehemu za juu zikaanza kubanduka. Tunataka kununua nyingine. Je, tuikate vipande vifupi ili isiulemee ukuta?

JIBU: Msiikate, kwa sababu kiungo cha mlalo katikati ya ukuta kitaonekana daima, na uzito hauna kosa hapa. Vinaili yenye upana wa sentimita 137 na uzito wa takriban gramu 620 kwa kila mita ya urefu itatoa kipande kinachozidi kidogo kilo 3 kabla ya gundi, na gundi ya vinaili nzito iliyoshika vizuri hubeba mzigo huo bila taabu.

Tazameni kwanza mgongo wa kipande kilichobanduka. Ukiwa na unga mweupe, ukuta ulikuwa na chokaa au rangi dhaifu, na hiyo lazima ikwanguliwe yote. Gundi ikiwa imebaki mgongoni hapo, laini na inayong'aa, rangi ya mafuta haikupigwa msasa. Mkiona madoa meusi yenye harufu ya uvundo, hilo ni kuvu, nalo linanitia wasiwasi kuliko mengine yote. Vinaili haipitishi mvuke: katika mji wa pwani, unyevu wa hewa ya nje hupenya ukuta wa nje kuelekea chumba kilichopozwa kwa kiyoyozi, hukwama nyuma ya vinaili na kugeuka maji. Ikiwa ukuta wenu ni wa nje na chumba kina kiyoyozi, nawasihi mchague vinaili yenye vitundu vidogo vya kupitisha mvuke, au mhamishie pambo kwenye ukuta wa ndani.

Kabla ya kununua chochote, bandikeni kipande cha nailoni angavu ukutani kwa solotepu pande zote nne na mkiache kwa siku nzima. Matone yakionekana chini yake, subirini. Ukuta ukishakauka, upigwe puti na msasa, kisha praima ya akriliki iliyokusudiwa kazi ya karatasi za ukutani, iachwe ikauke usiku kucha.

Kuhusu kiasi, vipande vitatu havitoshi: maungio yakipishanishwa sentimita 5 kila moja, mtapata sentimita 401 tu, na sentimita 1 haifai kwa pembe ambazo mara nyingi hazikunyooka. Chukueni vinne, vyote vya toleo moja la kiwandani, kila kimoja kikizidi kimo cha ukuta kwa sentimita 10, na zaidi ya hapo ikiwa maua yanapaswa kukutana.

Kazi ifanywe na watu wawili juu ya jukwaa imara. Ngazi haifai, kwa kuwa anayebandika anahitaji mikono yote miwili. Mstari wa kwanza upigwe kwa timazi au leza, wala usifuate pembe ya ukuta, kwani kosa la milimita 3 juu huongezeka kadiri mnavyoshuka mita 5. Kipande kilichopakwa gundi kikunjwe mithili ya kinanda cha mkono, kipumzishwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo la gundi, kisha kifunguliwe taratibu kutoka juu huku mwenzake akishika mzigo chini. Kwenye kila ungio, tabaka zote mbili zilizopishana zikatwe kwa pamoja kwa wembe mpya, kukiwa na utepe wa plastiki ngumu nyuma yake ili lipu isichanwe. Lipu iliyochanwa hapo huachia, na ungio hufunguka nayo. Gundi iliyotokeza ifutwe papo hapo kwa sponji na maji safi.

Kwa siku mbili baada ya hapo, feni na kiyoyozi visielekezwe kwenye ukuta huo, kwa sababu kingo zikikauka kabla ya katikati hujivuta na kuachana.