Laini mbili, mtaro mmoja

SWALI: Ofisi yetu ya uwakala wa forodha ipo Chumbageni, Tanga. Tunalipia faiba za kampuni mbili ili moja ikikatika tuhamie nyingine. Masika yalipobomoa kalavati moja tu, zote zilikufa dakika ileile. Tumekosea wapi?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Mmenunua kampuni mbili, njia mmebaki na moja. Watoa huduma hukodishiana nyuzi, na hata kila mmoja akiwa na mkongo wake, mara nyingi mikongo hulazwa kwenye mtaro uleule kando ya barabara. Njia kuu ya Tanga kwenda Dar es Salaam ni Muheza, Segera, Chalinze. Kwenye madaraja nyaya mara nyingi hubanana upande mmoja. Baharini nako ni hivyohivyo: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom, mikongo miwili mbalimbali inayotua Dar es Salaam, ilikatika siku moja.

Ombeni kila kampuni faili la KMZ, yaani ramani ya njia yake, kuanzia ukutani kwenu hadi kituo chake kikuu, mzifungue pamoja kwenye Google Earth. Kipande cha mwisho kikagueni kwa miguu, maana kosa hupenda kujificha hapo: faiba mbili zinatoka pande tofauti za mtaa, halafu zinaingia jengoni kwa bomba moja. Kijiko cha mchimba mtaro wa maji kinazikata zote kwa pigo moja.

Kisha chukueni karatasi. Kila kipande cha njia kipeni mstari wake, na mbele yake andikeni vyote vinavyoweza kukiua: bomba, daraja, nguzo, chemba, laini ya umeme. Kila kitu kipewe namba. Namba ikijitokeza kwenye njia zote mbili, akiba hamna. Ruta kubwa, mashine zinazoelekeza data mtandaoni, hufanya hivyohivyo, kwa namba za biti 32.

Msichague kwanza njia fupi kisha mtafute ya pili kwenye mabaki. Tuseme A na B ni makutano mawili ya nyaya: ofisi hadi A ni kilomita 1, A hadi B 1, B hadi kituo 1. Pia kuna ofisi hadi B, 4, na A hadi kituo, 4. Fupi ni ofisi–A–B–kituo, kilomita 3. Mkiishaichukua, vipande viwili vinavyobaki havikutani popote. Tafuteni jozi kwa mpigo: ofisi–A–kituo na ofisi–B–kituo, kilomita 5 kila moja, hazichangii kipande. Mtafiti Suurballe alichapisha mwaka 1974 hesabu ya kuipata jozi ya namna hii haraka. Bomba likibeba vipande kadhaa, hesabu hiyo haitoshi tena, na kwenye mtandao mkubwa hata kompyuta hutoka jasho. Kwa vipande kumi na vitano, penseli inatosha.

Mkiambiwa laini ya pili huzungukia Arusha na Dodoma, pimeni kwa ping, amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, hadi seva iliyopo Dar es Salaam. Ndani ya faiba, kilomita 100 kwenda na kurudi huchukua takriban milisekunde 1. Mzunguko huo unapita kilomita 1,200. Jibu likirudi kwa milisekunde 5, mmedanganywa. Likichelewa, bado si ushahidi: foleni nayo huchelewesha.

SWALI: Modemu ya simu inatosha kuwa akiba ya faiba?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Inatosha kama mnara haulishwi na mkongo uleule unaokuletea faiba. Iulize kampuni ya simu mnara wa karibu unaunganishwa kwa njia gani. Ukiambiwa kwa redio, uliza redio hiyo inaishia wapi.

Ruta isitegemee taa ya waya wa karibu, kwani taa hubaki kijani huku mkongo umekatika Chalinze. Iipime anwani ya mbali kila sekunde 5, ihame baada ya majibu matatu kukosekana, na irudi faiba ikitulia dakika mbili, la sivyo itayumba huku na huko. Anwani ya kupimia faiba ifungwe ipite kwenye faiba tu. Seva ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, nayo isiwe ya kampuni moja pekee.

Umeme usisahau. Ruta, modemu na kifaa cha faiba vikila wati 30, betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ikitumika nusu, kupitia inveta huwapa saa 17 hivi. Chomoa umeme mchana wa kazi uone kama kweli, na usiache swichi ya mtandao ya mezani nje ya hesabu.