Wakikuuliza una uzoefu wa Kanada

Juzi dada mmoja aliyehamia Brampton kaniandikia: "Da' mkubwa, Alhamisi nina usaili kwenye ofisi ya uhasibu. Kazi nimefanya Dar, hapa bado. Wakiniuliza uzoefu wa Kanada nijibu nini?" Nimemjibu kwa kifupi, ila swali lake limenitonesha donda. Hapa nalijibu kwa kirefu, maana najua mpo wengi.

Mimi nilitua Toronto na bahasha ya kaki imejaa: cheti cha kidato cha nne, cha sita, digrii, CPA yangu (cheti cha uhasibu cha NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania), barua ya mwajiri wa zamani yenye muhuri wa zambarau. Kwetu bila vyeti halisi chumba cha usaili hukioni, unarudishwa mlangoni. Nilipoitwa na kampuni moja kule Mississauga, nikaiweka bahasha yangu mezani, nikangoja waikague. Hakuna aliyeigusa. Yule mama wa rasilimali watu aliisogeza kwa kidole apate pa kuweka kikombe chake cha kahawa.

Kijana aliyekaa naye, ambaye Dar angekuja kwangu kufanya fildi, akaniuliza: Kanada umeshafanya kazi wapi? Nikasema ndiyo kwanza nimefika. Akatabasamu, akafunga daftari. Muda si mrefu nilikuwa kwenye benchi la mapokezi, navua viatu vya ofisi na kuvaa mabuti ya theluji. Hawakupiga simu, hawakuandika. Mpaka leo basi likipita barabara ile nageuza uso.

Basi nikaenda kubeba boksi kama wenzangu. Ghala, shifti ya usiku. Mnaijua, sina haja ya kuisimulia.

Kilichonitoa ni kodi. Kwa watu wengi hapa, mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi ni tarehe 30 Aprili. Miezi ya Machi na Aprili, mamlaka ya kodi hushirikiana na maktaba na vituo vya jamii kuendesha kliniki za bure kwa watu wa kipato cha chini, na wanaowajazia ni watu wa kujitolea. Unaomba, unakaguliwa rekodi ya polisi, unasoma mafunzo yao mtandaoni, unaanza. Hulipwi. Wabongo wenzangu walinicheka: mtu na CPA yake anafanya kazi ya bure!

Wateja walikuja na mifuko ya rambo imejaa karatasi: T4 (karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara na makato ya mwaka) za waajiri watatu tofauti, risiti za pango, barua za serikali ambazo hazijafunguliwa. Mzee mmoja wa Kijamaika hakuwa amewasilisha chochote tangu mkewe afariki, akiogopa kwamba anadaiwa. Tulipomaliza kupanga karatasi zake, ikaonekana yeye ndiye anayeidai serikali, mafao ya miaka kadhaa. Alitoa miwani, akaipangusa, akaniambia nihesabu tena.

Usaili uliofuata nilikwenda na mambo hayo kichwani, bahasha nikaiacha nyumbani. Swali lilipokuja, nikasema: nimewajazia wakazi wa hapa ritani zao, wenye T4 zaidi ya moja, waliochelewa miaka, na pale nilipokwama nilifanya hivi na hivi. Mwanamke aliyekuwa akiandika akainua uso. Kuanzia hapo tukaongea uhasibu. Leo nakaa upande ule wa meza, mimi ndiye nauliza, na walionicheka wananitumia CV zao niziangalie. Naziangalia.

Sasa mdogo wangu, nisikilize. Watu hawa wanataka kisa. Watakuambia: tueleze siku uliyotofautiana na mwenzako kazini. Ukijibu "mimi naelewana na kila mtu", kwetu huo ni uungwana, hapa wanaandika huna la kusema. Toa kisa: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ukafanya nini, ikaishaje. Na jitaje. Tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, mtu amefunga hesabu za mwaka peke yake mpaka alfajiri, akiulizwa anasema tulishirikiana na wenzangu. Wenzako wapo kwenye kile chumba? Wewe ndiye uliyeitwa. Toa kisa, taja tarakimu, tazama watu machoni. Narudia kwa sababu nawajua: toa kisa.

Kwenye CV ondoa picha, umri, dini, hali ya ndoa na ile shule ya msingi.

Sheria nayo imeanza kutusogelea. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario, jimbo letu hili, ilishasema 2013 kwamba kushikilia sharti la uzoefu wa Kanada ni ubaguzi, isipokuwa mwajiri aonyeshe kazi inaudai kweli. Tangu 1 Januari 2026, mwajiri wa Ontario mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuliweka sharti hilo kwenye tangazo la kazi, na akishakusaili ana siku 45 za kukujulisha kama uamuzi umefanyika. Enzi zangu nilijulishwa na ukimya. Lakini usijidanganye: tangazo litakuwa safi, swali utalikuta ndani limevalishwa nguo nyingine. "Mazingira yetu ya kazi unayafahamu?" Ni lile lile. Toa kisa.

Na ukiipata hiyo kazi, usikimbilie kuaga ghalani. Ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, sheria ya ajira ya Ontario haimlazimishi mwajiri kukupa notisi wala malipo ya notisi akikuachisha. Bakiza shifti za wikiendi mpaka miezi hiyo ipite, ndipo uage.